Nilishinda kesi ya code mbele ya kamati ya maji Upareni, ila Nakundwa bado ananinyima usingizi

Wakuu, habari za huko mliko.

Leo nimeamua kulitoa hili donge hapa kwenu, maana nikilimwaga mtaani kwetu litafika ofisini kabla sijafika mimi. Yote nitakayosema yamenikuta, sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, kijiji sikitaji, basi.

Nianze na ukweli wenyewe: nina wivu.

Si ule wa mapenzi. Wivu wa kazi. Na kama hujawahi kuupata, nakuambia ule wa mapenzi ni cha mtoto.

Mimi ni developer, naandika programu za kompyuta na simu. Ofisi yetu iko Same mjini, chumba kimoja ghorofani, dirisha linaangalia barabara kuu ya Moshi. Wanaoijua Same wanaujua upepo wake. Ukisahau kufunga dirisha, ukirudi unakuta kibodi imejaa vumbi kama jamvi la dukani.

Tulianza watatu. Mimi, Elineema na Loserian.

Elineema ni rafiki yangu tangu sekondari, yeye anatengeneza kile mtumiaji anachokiona kwenye kioo cha simu. Loserian anatoka familia ya wafugaji kule tambarare upande wa Kwakoa, kazi yake ni kuujaribu mfumo mpaka auvunje. Jamaa mpole sana, ila akishika app yako utajuta kwa nini uliiandika.

Mimi nilikuwa lead, yaani kiongozi wa timu. Hakuna aliyenipigia kura. Nilikuwa lead kwa sababu ndiye niliyewakusanya, na kwa kuandika code nilikuwa nawaacha mbali. Nikisema hii inaingia, inaingia. Nikisema hii hapana, tunaenda kula. Mambo yalikuwa yanakwenda, tena vizuri tu.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hii.

Wapare wenzangu mnaijua ndiva. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya mto huko milimani, waliliacha wazee wetu. Likijaa linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji kwenda mashambani, kwa zamu. Nani afungue leo na nani asubiri, hapo ndipo majirani wanapoacha kusalimiana.

Kamati ya maji ya kijiji kimoja huko juu ilitaka mfumo wa kupanga hizo zamu. Mkulima anatuma ujumbe kwa simu yake ya kitochi, mfumo unamjibu zamu yake ni lini. Rahisi kusema, shughuli kuifanya.

Wafadhili waliokuwa wanalipia mradi wakatuambia, kijiji hiki kikienda sawa tunahamia vijiji vingine vya milima yote ya Pare. Na awamu hiyo itakuwa na msimamizi mmoja. Jina moja tu, si majina ya kikundi.

Wakuu, hilo jina nilishaliona ni langu. Nilimwambia hadi mama yangu kule Kighare. Na mama naye, mnawajua mama zetu, akawaambia wenzake wa kwaya.

Halafu akaja Nakundwa.

Kazi ilikuwa imetuelemea, Elineema ndiye aliyemleta. Binti amesoma, amefanya kazi kampuni za Dar, amerudi nyumbani milimani kwa sababu zake. Siku ya kwanza ameingia ofisini, amesalimia, ameomba code yote aisome. Akakaa nayo. Kisha akageuka akasema, "Kaka, kazi yako nzuri. Ila mbona kila kitu kinapitia kwako?"

Nikamwambia kwa sababu mimi ndiye lead.

Akasema, "Sawa. Na siku ukiumwa?"

Elineema akacheka. Kicheko kidogo tu, hata sijui kama anakikumbuka. Mimi nakikumbuka mpaka leo.

Wiki haikuisha, akaleta utaratibu. Code ya mtu yeyote isiingie kwenye mfumo mpaka wenzake wawili waipitie na kuikubali. Kwa lugha yetu inaitwa review. Ukiikubali unaweka tiki ya kijani, ukiwa na neno unaliandika pembeni. Hata lead naye apitiwe.

Nilikuwa najiandaa kukataa. Kabla sijafungua mdomo, Elineema kashasema, "Poa sana hii." Loserian naye anatikisa kichwa. Ningesema nini? Nikasema hata mimi nilikuwa na wazo kama hilo. Uongo mtupu.

Sasa hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma.

Nakundwa akileta kazi, tiki mbili hizoo, chai haijapoa. Elineema anaandika pembeni, "Safi dada." Kuna siku aliweka na kimoyo. Kimoyo! Kwenye code! Rafiki yangu wa tangu sekondari hajawahi kuniwekea hata kidole gumba.

Mimi nikileta kazi, maswali. "Hapa ulimaanisha nini?" "Hii tukiigawa vipande viwili haitasomeka vizuri?" Na Loserian, ambaye zamani alikuwa ananiambia mkuu uko vizuri, sasa anauliza, "Nakundwa ameiona hii?"

Nakundwa ameiona hii! Jamani.

Mchana tulizoea kwenda wote kwa mama lishe pale jirani, mimi ndiye nachagua tukae wapi na stori zinaanzia kwangu. Sasa wanatembea watatu mbele wanacheka, mimi nyuma nimeshika simu najifanya nasoma kitu. Ukiniuliza walikuwa wanacheka nini, sijui. Nilikuwa na hakika wananicheka mimi. Nikauliza, kumbe wanamcheka mbuzi aliyeingia dukani kwa fundi simu. Hata hivyo sikufurahi.

Najua kuna watu mtaandika hapo chini, "Mkuu acha roho ya kwanini." Andikeni. Nilishajiambia mwenyewe mara nyingi na haikusaidia.

Twende kwenye jambo lenyewe.

Katika mfumo ule kuna kipande kinachoamua nani apate maji. Ndio moyo wa mfumo. Nilikiandika mimi, na naapa ni kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Kinaangalia shamba lako liko wapi kwenye mfereji, umepanda nini, mara ya mwisho ulipata maji lini, kinapiga hesabu, kinatoa jina. Hakijui mjomba wala shangazi, hakiogopi tajiri. Nani anastahili, ndiye anapewa, kwisha habari.

Nakundwa akaja na chake.

Kwake yeye, mfumo usiamue mpaka mwisho. Upendekeze tu, halafu wakulima waruhusiwe kubadilishana zamu wao kwa wao kwa simu. Leo nakupa yangu, Alhamisi unanipa yako. Akasema huko juu watu wanaishi hivyo miaka yote, na sisi tunapoiga maamuzi ya watu kwenye kompyuta lazima tuyaige yalivyo, tusiweke yale tunayoyataka sisi.

Nikamwambia hiyo ndiyo njia ya kurudisha ugomvi uleule.

Akaniambia, "Kaka, inawezekana. Ila tuijadili." Hilo neno lake, tuijadili. Hagombi hata ukimchokoza. Unarusha jiwe linatua kwenye pamba. Ningependa siku moja anifokee na mimi nipate pa kushikia.

Tukajadili asubuhi nzima. Mwisho Elineema akaweka tiki kwa Nakundwa. Loserian akafikiria, akaweka na yeye. Mbili hizo. Kwa utaratibu tuliokubaliana, ya kwake inaingia, ya kwangu inatolewa.

Wakuu, nilihisi kama mtu ananiondolea kiti nikiwa nimekikalia.

Sasa watani zetu Wachaga wakae mkao wa kucheka, maana hapa niliufanya Upare wangu. Mnajua tunavyosemwa sisi na kesi. Mpare hakubali kushindwa mpaka kesi yake isikilizwe ngazi zote.

Nikasimama, nikasema, "Nakata rufaa."

Elineema akauliza, "Rufaa? Wapi sasa, kaka?"

"Kwa wenye maji. Kamati ndiyo iamue."

Nilitegemea Nakundwa apinge, ili niseme anaogopa. Yeye macho yakamng'aa, "Hilo wazo zuri kweli! Tulipaswa kuwauliza mapema." Akachukua simu palepale kumpigia mwenyekiti. Hata rufaa yangu akaigeuza ikawa kama mpango wake. Kha!

Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja, tumwite Mama Mbazi. Mama mkali, mkulima wa tangawizi, sauti yake kwenye simu unaisikia bila kuweka spika. Akasema tuje siku ya msaragambo, watu wote watakuwepo.

Msaragambo, kwa wageni, ni kazi ya wote. Kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kusafisha ndiva na mifereji, mnatoa tope. Kwetu ni jambo la kawaida kabisa, nimekulia humo.

Mimi nilichosikia ni "watu wote watakuwepo." Nikaona safi, hadhira ya kutosha.

Wenzangu watatu walipanda siku moja kabla, wakalala kwa shangazi yake Nakundwa. Mimi nikasema nitakuja asubuhi, nataka nijiandae. Kweli nilijiandaa. Shati nimepiga pasi, viatu vya ngozi nimevipiga kiwi, laptop begani. Bodaboda ikanipandisha ile milima kona kwa kona, njia nzima natamka hoja zangu kwenye helmeti. Dereva akageuka kuniuliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo.

Nafika kwenye ndiva, watu wamo ndani ya tope mpaka magotini. Wanaume wanachimba, wengine wamejipanga mstari wanapokezana makarai, wanaimba.

Mama Mbazi yuko ukingoni, gumbuti miguuni, khanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jembe lako liko wapi?"

"Mama, mimi nimekuja kwa yale mambo ya mfumo."

"Mfumo nauona hapo begani. Nimeuliza jembe."

Watu wakaangua kicheko. Akasema kwa sauti wasikie mpaka wa upande wa pili, "Hapa asiyechimba hasemi. Wewe si wa Kighare wewe? Kwenu hakuna msaragambo?"

Jamani, aibu niliyoipata! Mtoto wa Kipare, nimetumwa na jembe tangu nikiwa darasa la tatu, naenda kwenye msaragambo na viatu vya kiwi. Ningekuwa mgeni kutoka Dar ningesamehewa. Mimi kesi ilinipanda kichwani hadi nikasahau kwetu.

Na nani yuko katikati ya ule mstari? Nakundwa. Tope mpaka kwenye nyusi. Anapokea karai huku anamtania bibi mmoja kwa Kipare, bibi anacheka meno yote nje. Kila mtu anamwita kwa jina.

Pembeni yake Elineema. Huyu Elineema ofisini ukimwambia anyanyue kopo la maji ya kunywa anasema mgongo. Siku hiyo anabeba karai kichwani! Loserian naye yumo na koleo, amevua shati, anafundishwa wimbo wa Kipare na anaukosea, watu hoi.

Nilisimama pale ukingoni kama mtu aliyefika kwenye harusi ambayo hakualikwa.

Nakundwa akaniona. Akatoka kwenye tope, akaenda kichakani alipoweka mizigo yake, akarudi na gumbuti.

"Kaka, hizi ni za mume wa shangazi. Nilikuwekea, nilijua utakuja na viatu vya mjini."

Yaani alijua. Alikaa akanifikiria, akaniwekea. Sasa mtu kama huyo unamchukiaje kwa raha? Nikazivaa, zilinienea kabisa, na hilo nalo likaniudhi.

Nikachimba. Nilichimba kwa hasira, wakuu, hadi Mama Mbazi akasema, "Huyu wa Kighare kumbe anaweza."

Tukamaliza, makande yakaletwa, tukala, watu wakakaa kwenye majani. Mama Mbazi akasema haya, hawa vijana wana shauri lao, tuwasikilize.

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Waliposikia ni shauri, mngeona watu walivyosogea. Hata waliokuwa wananawa miguu mferejini waliacha. Huo ndio Upare.

Nikasema. Sitajisifu, lakini niliongea siku hiyo. Nikawaeleza mfumo wangu unavyopima, kwamba haupendelei, kwamba hauombwi. Nikawauliza, ni wangapi hapa wameshawahi kunyang'anywa zamu? Mikono ikanyooka.

Nakundwa akaongea kwa kifupi. Akasema nyie mnapeana zamu kila siku, mtu akibanwa jirani anamsaidia, mfumo usiwaondolee hilo. Akasema hajui kama yuko sahihi ndiyo maana tumekuja kuwauliza. Akakaa.

Nikasema moyoni, dada, kesi haisemwi hivyo.

Wakaulizana. Baba mmoja akasema kubadilishana ni vizuri, ni utu. Mama mwingine, mjane, shamba lake liko mwisho wa mfereji, akanyanyuka. Akasema, "Utu wa nani? Mimi nikiombwa zamu yangu na mwenye ng'ombe na watoto wa kiume watano, nitakataa kwa mdomo upi? Nikisema hapana, keshokutwa mfereji wangu umezibwa. Mashine iseme, nami niseme mashine imesema."

Yule baba aliyesema utu akaanza kung'oa majani.

Mama Mbazi akatazama watu, hakuna aliyepinga. Akasema, "Basi. Tunachukua ule wa kijana wa Kighare. Zamu haibadilishwi kwa simu."

Wakuu, nilishinda!

Mbele ya kijiji kizima. Nilitaka kupiga kelele. Nikamgeukia Nakundwa nimwone uso unavyoanguka, nilikuwa nimeusubiri huo uso njia nzima.

Haukuanguka. Alikuwa anamtazama yule mjane. Akasema, "Mama, nashukuru. Hilo sikuliona kabisa." Kisha akaniambia, "Kaka ulikuwa sahihi." Anasema kweli, tena kwa moyo mweupe. Hakuna hata chembe ya kinyongo nilichoweza kukishika.

Nikabaki na ushindi wangu mkononi sijui niupeleke wapi.

Halafu akanyoosha mkono, akauliza swali moja. "Na mtu akifiwa siku ya zamu yake? Mfumo utamlazimisha aende shambani?"

Mimi hilo sikuwa nimeliweka. Nimepima mazao, nimepima umbali, msiba sikuupima. Watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Wakaamua akifiwa mtu au akiugua, Mama Mbazi pekee awe na uwezo wa kuisimamisha zamu na kuirudisha baadaye. Nakundwa akaahidi kukiandika hicho kipande.

Akakiandika. Siku tatu nne baadaye akanitumia mimi nikipitie. Nilikipitia wakuu, nilikipitia kama afande anayekagua gari bovu. Nilitafuta kosa hadi macho yakauma. Halikuwepo. Kilikuwa kifupi, safi, kimekaa juu ya kazi yangu bila kuigusa. Nikaweka tiki huku nimeuma meno.

Mfumo ukaanza kazi, na unafanya kazi mpaka leo. Maamuzi yote yanapita kwenye code yangu mimi.

Mnajua wanauitaje huko juu? "Mtambo wa Nakundwa."

Nasema kweli. Zamu ikitoka, mtu anamwambia jirani yake, mtambo wa Nakundwa umenipa Jumanne. Mama Mbazi akiwa na swali anampigia Nakundwa. Siku moja simu yake ilizima, Mama Mbazi akanipigia mimi, nikafurahi, nikapokea kwa heshima zote. Akasema, "Wewe kijana, hebu mwambie Nakundwa awashe simu." Akakata.

Basi, wafadhili wakaridhika. Wakasema tunapanda vijiji vingine, tupeni jina la msimamizi.

Wafadhili walituachia sisi wenyewe tuamue. Elineema akasema tupige kura kwenye grupu letu la WhatsApp, pale jina la kila mpiga kura linaonekana, hakuna kuchakachua. Loserian akaongeza, "Ila mtu asijipigie mwenyewe." Wote tukasema sawa.

Majina mawili. Mimi na Nakundwa.

Nikapiga hesabu yangu. Elineema ni wangu, hilo sina shaka, huyu tumekula ugali wa bweni pamoja. Loserian huenda akaenda kwa Nakundwa. Nakundwa haruhusiwi kujipigia. Mimi siruhusiwi kujipigia, kwa hiyo kura yangu kama nitapiga lazima iende kwake.

Niipeleke kwake? Thubutu! Nikasema mimi sipigi. Kura zikitoka sare tutarudi mezani, na mezani mimi ni hodari.

Nikaweka simu kifudifudi, nikashuka kununua soda. Nilikuwa na furaha fulani ya wasiwasi. Nikanunua na ya Elineema, baridi, ile aipendayo.

Napanda ngazi nachungulia simu. Nakundwa mbili. Mimi moja.

Mbili? Nilisimama kwenye ngazi. Loserian na nani? Nikajiambia labda kuna mtu kakosea kubonyeza. Ila ile moja yangu nikajua ni ya nani, na kwa kweli iliniliwaza. Angalau rafiki yangu hakuniacha.

Nikaingia, nikampa Elineema soda. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nashukuru kaka. Sitasahau."

Elineema hakuifungua ile soda. Akaiangalia, akaniangalia. "Kaka," akasema, "mimi sikukupa wewe."

Nikacheka nikidhani ananitania.

"Nisamehe, lakini sikukupa. Code yako haina mpinzani hapa, hilo kila mtu analijua. Ila wewe tukibishana, lazima mtu atoke ameshindwa. Mimi nimechoka kushindwa na rafiki yangu."

Nikatoa simu. Nikabonyeza pale kwenye kura nione majina. Kwa Nakundwa yuko Loserian na yuko Elineema.

Kwangu mimi yuko Nakundwa.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Kura pekee niliyoipata kwenye timu niliyoiunda kwa mikono yangu, kanipa yule ambaye mimi nilikaa na kura yangu mfukoni ili asiipate.

Alikuwa pale mezani kwake anaandika, headphone masikioni. Nikamfuata. Akazitoa. Nikamuuliza, "Kwa nini ulinipigia mimi?"

Akashangaa swali. "Kaka, si kamati ilichagua kazi yako? Nikaona mfumo ni wa kwako, ni haki uusimamie."

Haki. Alivyolisema, kama mtu anayekuambia saa ngapi.

Nilirudi kwenye kiti changu, nikakaa, nikainamia laptop kana kwamba nina kazi. Nilimwonea wivu kuliko siku zote. Jina alishalichukua, marafiki alishawachukua, kijiji alishakichukua, hayo ningeyamudu. Lakini kuweza kumpa mtu kura namna ile, bila hata kujibana, hilo nililitaka liwe langu na nikajua sinalo.

Mama yangu nimemwambia uongozi umeahirishwa. Kwaya yote inaniombea.

Kwa hiyo funzo nililopata ni hili, na nawapa nyie mnaofanya kazi za timu, iwe ni code, iwe ni saccos, iwe ni kamati ya harusi. Kuwa sahihi na kufuatwa ni vitu viwili tofauti. Mimi nilidhani nikikusanya hoja watu watakuja wenyewe. Hoja zilikuja, watu wakabaki kwenye tope na mwenzangu. Usisubiri siku ya kura ndipo ujue nani amechoka kukaa na wewe.

Sasa hivi nafanya kazi chini yake. Wiki ijayo tunapanda kijiji cha pili, na gumbuti nimenunua za kwangu.

Nimemaliza. Wenye matusi leteni, wenye ushauri leteni pia, nitasoma yote. Ila kabla hujaniita mchawi, nijibu kwanza hili: ungekuwa mimi, siku ile, ungempa kura yako?

Mimi nimejiuliza tena asubuhi hii. Jibu langu bado ni hapana.